Maji Baridi

Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa na sauti yake. Ukiingia sebuleni, kabla hujaona kiti wala meza, unasikia pampu ya tangi la samaki ikinong'ona, na maji yakizunguka nyuma ya kioo bila haraka yoyote. Wageni waliokuja kusalimia mara moja waliishia kusinzia. Hata mimi, ambaye usingizi wangu ni wa mang'amung'amu, nimewahi kulala pale kikombe kikiwa mkononi.

Mchana ule nilipiga hodi, nikaingia, nikasikia kitu kingine. Pampu ilikuwa inakohoa. Ilinguruma, ikakwama, ikanyamaza, kisha ikaanza tena kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mwanga wa buluu wa tangi ulitanda kwenye dari, kwenye makochi, na kwenye uso wa mama mkubwa, aliyekuwa amekaa mbele ya kioo na mikono yake mapajani.

“Amelala ubavu tangu asubuhi,” akasema bila kunigeukia.

Moyo ukanilipuka, nikidhani anamsema baba mkubwa. Kumbe anamsema samaki.

Baba mkubwa, mume wake, alikuwa hospitali. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na karibu maneno yake yote. Madaktari walisema mkono utarudi polepole, na maneno nayo yatakuja yakitaka. Kesho yake alikuwa anarudi nyumbani, na ndiyo sababu nilipigiwa simu. Mimi ni fundi wa majokofu na feni, lakini katika ukoo wetu fundi wa kitu kimoja ni fundi wa vyote. Meno ya bandia nimeshaletewa.

“Hili tangi ni roho yake,” mama mkubwa akasema. “Akirudi akute wamekufa, mwanangu, atageukia ukutani na hatageuka tena. Namjua.”

Nami nilimjua. Yule mzee aliwasalimia samaki kabla ya kutusalimia sisi. Wote walikuwa samaki wa baharini; aliyelala ubavu alikuwa wa buluu iliyokolea, upana wa kiganja, na tulimwita Mwenye Nyumba kwa sababu aliwafukuza wenzake kwenye kila tundu la jiwe utadhani amejenga yeye. Sasa alikuwa juu ya mchanga, matamvua yakipanda na kushuka mbiombio. Wengine walikuwa wamejikusanya juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Pampu isipozungusha maji, hewa haishuki, na samaki huzama kama mtu mwingine yeyote.

“Chukua kikombe,” nikamwambia. “Chota maji, yainue juu, yamwage humo humo. Usiache mpaka nikuambie.”

Akaanza kuchota na kumimina, kama anayepooza chai, na povu likatokea. Alifanya hivyo kwa upole mkubwa. Nikasogeza kiti chake karibu ili asichoke.

Mimi nilianza na mambo mepesi, maana fundi anayekimbilia kufungua ndiye anayeharibu. Plagi ilikuwa imekaa sawa. Waya haukuwa umeliwa na chochote. Mpira wa kupitisha maji ulikuwa wazi, nikaupuliza nikasikia pumzi yangu upande wa pili. Chujio lilikuwa na uchafu kidogo tu. Nikachomoa umeme, nikaitoa pampu majini. Ilikuwa ya moto. Nikaifungua, na pale ndani, kwenye kile kifeni kidogo kinachozungushwa na sumaku, nikakuta ukoko mweupe, mgumu, umeshikilia kila pembe kama ukoko wa birika.

“Una siki?”

“Kabatini, nyuma ya sukari.”

Nikakilaza kifeni kwenye bakuli la siki. Kikaanza kutoa vipovu. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na sebule ile haikuwa mahali pa mtu mwenye haraka kungojea. Maji yalidondoka kutoka kwenye kikombe, yakadondoka tena. Vivuli vya samaki vilipita juu ya picha ya harusi yao ukutani, vikaingia kwenye pazia, vikapotea. Kwa muda nilisahau nimekuja kufanya nini. Nilikumbuka tu kwamba nilikuwa nampenda sana yule mzee na sijawahi kumwambia.

Nilikisugua kifeni kwa mswaki mkuukuu, nikakisuuza mara kadhaa, nikakirudisha mahali pake. Nilipowasha, pampu ikakaa kimya kidogo, ikapiga kikohozi kimoja, kisha ikaanza kunong'ona kama zamani. Mama mkubwa akaweka kikombe chini, akafumba macho.

Nikajipongeza. Wahenga walikataza kukata mbeleko kabla mwana hajazaliwa, lakini hawakuwa mafundi. Maji yalizunguka vizuri, samaki wengine wakashuka kutoka juu, lakini Mwenye Nyumba akabaki vilevile, amelala ubavu. Tena ule ukoko ulikuwa unanisumbua. Baba mkubwa aliisafisha pampu ile kuliko alivyosafisha viatu vyake. Ukoko mwingi hivyo ulitoka wapi kwa muda mfupi aliokuwa hospitali?

Kiu ikanishika. Nikaenda jikoni, nikafungua friji, nikakuta chupa za maji zimejipanga mlangoni, zina jasho. Nikafungua moja, nikapiga funda kubwa. Nikalitema lote kwenye sinki.

“Mama mkubwa,” nikaita, “nani ametia chumvi kwenye maji ya kunywa?”

“Hayo si ya kunywa. Ni ya samaki.”

“Ya samaki, kwenye friji?”

“Baba yako mkubwa ndiye aliyeagiza.”

Nikarudi sebuleni na chupa mkononi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayejua amefanya jambo la sawa. Siku moja, kando ya kitanda cha hospitali, alikuwa anamhadithia mgonjwa habari za nyumbani. Akamwambia maji ya tangi yanapungua kila siku, yameshashuka chini ya alama, na yeye hajui ayafanye nini. Baba mkubwa alifumba macho, akakusanya nguvu zake zote, akasema, “Maji... baridi.”

“Ndilo neno la kwanza alilotamka tangu augue,” akasema. “Ningelipuuza? Nikachanganya chumvi ya kwenye ndoo yake, kama nilivyokuwa namwona akifanya, nikayatia kwenye friji. Kila asubuhi naongeza.”

Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua.

“Mama mkubwa, maji yakikauka chumvi haiendi popote. Inabaki humo. Wewe umetia chumvi juu ya chumvi, ndiyo imeganda kwenye pampu. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi! Ya mto, ya kisima, ya bomba. Hujasikia watu wakisema samaki wa maji chumvi na samaki wa maji baridi? Alikuwa anakwambia uongeze maji matupu.”

Akaiangalia ile chupa. “Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaua,” akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke amebeba neno moja la mumewe kutoka hospitali mpaka jikoni, amelitii kila asubuhi, na mimi namfokea. Nikamshika mkono. Nikamwambia hawajafa, na wasipokufa leo hawatakufa.

Kwenye droo ya baba mkubwa tulikipata kipimo chake cha chumvi, kile kikasha cha plastiki chenye mshale. Tukakijaza, mshale ukapita alama ya kijani ukaenda kusimama mwishoni. Basi tukavuta maji ya tangi kwa mpira, kidogo kidogo, na kurudishia maji matupu ya ndoo za akiba yaliyokaa wazi jikoni, mkondo mwembamba kama uzi, maana hata nafuu ikija kwa pupa inaua. Mama mkubwa akamwaga zile chupa za friji, akaziosha, akazijaza maji ya kunywa. Kisha tukakaa. Mwanga wa buluu ukatufunika, pampu ikanong'ona, nikasinzia. Nilimsikia baba mkubwa akizungumza ndani ya maji, sentensi nzima nzima, akinitania kuhusu viatu vyangu. Nilipofumbua macho, mshale ulikuwa kwenye kijani na Mwenye Nyumba alikuwa wima, akimfukuza mwenzake kwenye tundu la jiwe. Mama mkubwa alikuwa analia bila sauti, na mimi nikalia naye.

Kesho yake baba mkubwa aliingia sebuleni taratibu, ameegemea bega langu. Alisimama mlangoni akasikiliza kwanza. Kisha akakaa kwenye kiti chake mbele ya kioo, na Mwenye Nyumba akaja mpaka pale kidole cha mzee kilipogusa kioo. Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu.

Mama mkubwa hakuweza kulificha. Alikaa chini kando ya magoti ya mumewe, akamweleza yote, friji, chumvi, ukoko.

“Ulisema maji baridi, mimi sikuelewa. Nisamehe, baba.”

“Nimeshamweleza maana yake,” nikadakia, kifua mbele. “Maji matupu, yasiyo na chumvi.”

Baba mkubwa akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Akatikisa kichwa. Tuliona neno likipanda ndani yake, likikwama, likianza tena.

“Nilikuwa...” akasema, “na kiu.”

Pampu ilinong'ona peke yake. Nikamwona akilini yule mtu kitandani, koo kavu, anaomba maji, na mkewe anaondoka mbio kwenda kuwanywesha samaki.

Mama mkubwa akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia mlango wa friji. Akarudi na glasi yenye jasho, akaonja kwanza yeye mwenyewe, akahakikisha. Halafu akaishikilia midomoni mwa mumewe, mkono mwingine nyuma ya shingo yake, na baba mkubwa akanywa mpaka tone la mwisho.

“Tena,” akasema.