Jalada la Mjomba Halifungwi

Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta hapa hospitali tunamwita Zima-Washa, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mfumo ukigoma, yeye huuzima na kuuwasha. Asubuhi ile alikuwa ameshafanya hivyo mara mbili, na kila mara ulichapa kazi kidogo kisha ukanasa tena: ukurasa unazunguka tu, hautoi jibu wala hausemi kosa ni nini. Mimi bora mashine inayonitukana kuliko inayoninunia.

Siku nyingine ningecheka. Lakini mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa wodini akivuja damu tumboni, na daktari hakuweza kumpasua bila jibu la maabara kwamba damu iliyoandaliwa inalingana na yake. Jibu hilo kwetu halipokelewi kwa mdomo, maana wagonjwa wawili wa jina moja waliwahi kuchanganywa. Lazima lionekane kwenye jalada lake ndani ya kompyuta. Mtu wa maabara alinipigia simu akasema jibu analo, anabonyeza kutuma, na ukurasa unazunguka.

Mkuu akanyoosha mkono auzime tena. Nikasimama mbele yake.

"Ukizima hatutajua kamwe kinachosubiriwa," nikamwambia. "Niachie nitazame."

"Huo ni mtandao tu, Fundi. Mjomba wako yuko kitandani, wewe unataka kufanya upelelezi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kuzima na kuwasha ni kumpa mwenye jino bovu dawa ya maumivu, na mimi nilitaka kuling'oa jino. Nikakaa kwenye kiti chake bila kuomba ruhusa.

Mtandao ulikuwa mzima. Nikaiuliza hifadhidata, yaani ghala letu la majalada, nani anamsubiri nani. Ikaniambia kwamba maabara yote inasubiri jalada moja, la mjomba. Mfumo wetu una milango michache ya kupitia, na kila walipobonyeza tena kule maabara walijaza mlango mwingine, hadi wenye shida zao nyingine wakakosa pa kupita. Ndiyo maana tukiwasha upya milango inakuwa mitupu, tunajipongeza, kisha inajaa tena. Na jalada lenyewe lilikuwa limeshikwa na kompyuta moja iliyolifungua ili kuandika, na haiandiki chochote. Hata ningeikata kutoka pale juu, ukurasa wake ungelishika tena wenyewe, kama ulivyofanya kila tulipowasha.

Nikatazama ni kompyuta gani. Ilikuwa ya mapokezi ya wodi, anapokaa mama yangu.

Nilishuka ngazi nikikimbia. Mama alianza ukarani enzi za majalada ya karatasi, yale ya kufungwa kwa kamba. Nilimkuta ameketi wima, kiganja juu ya kipanya, ukurasa wa mdogo wake uko wazi mbele yake. Nikamweleza kwamba unazuia jibu la damu, aufunge. Akakataa bila kunitazama.

"Jalada tunalifunga mgonjwa akitoka," akasema. "Atoke kwa miguu au kwa machela. Mdogo wangu hajatoka. Mimi sitamfungia kwa mkono wangu."

Maneno makali yalinijaa mdomoni. Kisha nikaona kidole cha mkono wake wa pili kikifuata jina la mdogo wake kwenye kioo, hasira zote zikaniisha. Mama alikuwa anaogopa, na mimi pia nilikuwa naogopa.

"Basi tunalifungua mara ya pili kwanza, mama. La kusoma tu, halimzuii mtu. Likishakuwa wazi, ndipo tunaondoa hili la kuandika. Hatakaa amefungwa hata kidogo."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Nikafungua ukurasa wa kusoma. Mama akafumba macho, akaufunga wa kuandika mwenyewe. Kwenye ukurasa uliobaki ukatokea mstari mpya: damu inalingana. Akausoma kwa sauti, akainua simu, akawaambia wa chumba cha upasuaji kwa sauti yake ya kazini kwamba jibu limefika. Alipoweka simu chini ndipo akalia.

Nilirudi juu nikaweka ukomo wa kusubiri. Ombi likikwama sasa linajibiwa, hata kama jibu ni hapana, na linataja aliyeshika jalada. Ukurasa wa kuandika ukiachwa bure, unaliachia jalada wenyewe. Mkuu alisimama nyuma yangu akisoma kila mstari, akaniomba nimfundishe lile swali la nani anamsubiri nani. Jina lake hatujambadilishia.

Siku ya kuruhusiwa, mjomba alikuja mapokezi polepole, mkono tumboni. Ukurasa wake ulikuwa ungali wazi kwenye kompyuta ya mama. Mama akamsogezea kipanya.

"Funga mwenyewe," akamwambia.