Swichi Ambayo Hakuiweka

...kwa sababu waya haukatiki wenyewe kisha ukajifunga tepu, hilo hata aliyeanza kujifunza kazi jana analijua, mtu alilala hapa, chali, kichwa chini ya usukani na miguu nje kama alivyolala yeye sasa hivi, mtu akaukata waya unaokwenda kwenye stata, akaurefusha, akaupitisha chini ya kapeti hadi... fundi akaufuata kwa kidole... hadi ubavuni mwa kiti cha dereva, na hapo, kumbe, swichi ndogo nyeusi, imefichwa vizuri hadi inakera, mahali pazuri kuliko alipopanga kuiweka yeye, na yeye ndiye fundi umeme wa magari, mtaa mzima unamjua, na hili ni gari la mke wake. "Baba Mapacha, achana nalo bwana, si lazima leo," mkewe alikuwa akisema kule barazani, na cherehani yake ikameza maneno mengine, si lazima leo, ndivyo alivyosema alipomwona anachukua koleo, na miezi minane ni yeye aliyekuwa akimsumbua, niwekee na mimi swichi ya kuficha, ile ambayo usipoibonyeza gari haliwaki, magari mawili yameibwa mtaa huu, unawawekea watu wote isipokuwa mimi, sasa mume ameamka na moyo mweupe anaambiwa si lazima, kwa nini isiwe lazima, anaficha nini... Kipara. Nani mwingine kama si Kipara, fundi mwenzake wa kibanda cha pili, anayemwita mkewe shemeji kwa sauti ya kuimba, shemeji leo umependeza, shemeji gari linakwendaje, na huyu naye anacheka, anamchekea kicheko ambacho nyumbani hakijasikika tangu mapacha walipoota meno, na wivu ukampanda fundi palepale sakafuni, akamwona mawazoni Kipara amelala hapa na mkewe amechuchumaa mlangoni anamshikia tochi, kama alivyomshikia yeye miaka kumi na mmoja, juu kidogo, kushoto, hapohapo, usitikise... na Jumamosi! Jumamosi alipotaka kulichukua gari aende mpirani likagoma, ufunguo unazunguka, kimya, akafungua boneti mbele za watu akagonga betri kama mjinga, mke akaja akaingia, likawaka mara moja, "Gari linamjua mwenyewe," jirani akasema, watu wakavunjika mbavu, na Kipara alikuwepo, alicheka kuliko wote, alijua anachokicheka, atamvunja mkono, ataondoka hapa sasa hivi na spana hii hii... lakini kwanza akaibandua tepu, aione kazi ya mshenzi huyo, na ndani yake maungio yamefungwa uzi. Uzi wa bluu, wa kushonea sare za shule. Kwa hiyo mkewe alimpa Kipara mpaka uzi wake wa kazi, akautoa kikapuni akampa, ila... Kipara hana subira ya mizunguko arobaini iliyobanana hivi, Kipara husokota mara mbili akafunika boneti, na usokotaji huu, mkia juu ya mkia kisha kurudi nyuma, huu ni wake yeye, wake peke yake, hajamfundisha mtu, mafundi wenzake wakikaribia huwageuzia mgongo, na mtu pekee ambaye hakuwahi kumgeuzia mgongo ni yule aliyeshika tochi.

"Wewe, unanisikia?" mkewe akaita kutoka barazani. Anamsikia. Hakuna Kipara, basi, hakuna mwanamume aliyelala hapa, akajiambia afurahi, akangoja furaha ije, haikuja, ule wivu ulikuwa pale pale na sasa ulikuwa unaitazama mikono ya mke wake, ilijifunza lini, na kwa nini hakusema, kwa kitu kama hiki mtu hujisifu, yeye mwenyewe huwaambia wateja, swichi hii asiijue mtu unayeogopa atalichukua gari, na tangu mwaka uanze nani amelichukua gari hili, mwizi gani, ni nani kama si yeye aliyelipeleka mpirani siku ya mkewe kupeleka sare kwa wateja, akalirudisha usiku halina hata tone la mafuta, mara ngapi, bila hata kumwomba, na wateja wakamkimbia mkewe mmoja mmoja, naye akimwambia taratibu, Baba Mapacha, niulize kwanza... Kwa Kipara angejua la kufanya, wangeshikana mashati, watu wangeamulia, jioni yangekuwa yamekwisha. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Akabaki amelala vilevile, tepu imemnata kidoleni, akitamani kwa moyo wake wote aliyeiweka swichi ile angekuwa Kipara.