Tundu la Milimita Nane

"Mume wangu," mke wa fundi alisema kutoka kiti cha nyuma, "mlima umeisha au gari limeisha?"

Mlima haukuwa umeisha. Ulikuwa na kona tisa, na wao walikuwa kwenye ya tatu. Taa ya injini, ya rangi ya chungwa, ilikuwa imewaka kwenye dashibodi. Fundi alikuwa amekanyaga mafuta mpaka chini kabisa, lakini gari halikuwa na habari naye. Lilikuwa likisogea kwa mwendo wa bibi harusi anayejua watu wanamtazama. Likaguna mara mbili, likatetemeka, likazima.

Akavuta breki ya mkono. Akashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Saa ilikuwa tano kasoro dakika kumi.

Figo za mkewe zilikuwa zimegoma, mwaka wa pili sasa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali, juu ya mlima huo, mashine imsafishe damu. Jumamosi hawakufika: gari lilitapika moshi mweusi hapohapo chini ya kona ya kwanza, wakarudi nyumbani. Leo Jumanne. Siku tano damu haijaoshwa. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia, maji yamepanda mpaka kifuani, na usiku mbili mfululizo alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha tu anazama. Jana muuguzi alikuwa amesema kwa simu, bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha fundi: "Kesho saa sita kamili, mzee. Mkichelewa mashine anapewa anayesubiri, na nyinyi ni mpaka Alhamisi." Fundi alimtazama mkewe siku ile, akaiona Alhamisi iko mbali kama nchi ya watu.

Sasa, lawama zote hizi abebeshwe nani? Gari? Gari halina mdomo.

Magari ya dizeli ya siku hizi yana kijibomba kinachochukua sehemu ya moshi wa injini na kuurudisha ndani uchomwe tena, ili hewa inayotoka nje isiwe sumu sana. Katikati ya bomba kuna valvu ya kufungua na kufunga. Masizi yakijaa, valvu inakwama wazi, injini inapaliwa na moshi wake yenyewe, na nguvu kwisha. Mafundi wengi huisafisha. Huyu wetu alikuwa haisafishi. Alikuwa anakata kipande cha chuma, anakipachika mdomoni mwa bomba, anakaza bolti mbili, basi. Magari mangapi ameyaziba mjini pale hata yeye hajui. Watu walimwita Mzibaji, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

"Kilichotoka kimetoka," alizoea kuwaambia wateja. "Wewe ukitoka chooni unarudi nacho?"

Wateja walicheka, wakalipa, wakaenda zao na magari yanayoruka. Lakini hayo yalikuwa magari ya zamani, yasiyo na kompyuta. Hili lake lilikuwa na kompyuta. Binti yao, anayetengeneza umeme wa magari mji wa mbali, alimpigia Jumapili kumuonya.

"Baba, usizibe yote. Toboa tundu katikati ya hicho chuma, milimita nane. Moshi kidogo upite. Kompyuta ikiona haurudi hata kidogo itajua imedanganywa, na ukifika mlimani itakunyima nguvu."

"Nimeshatoboa, mwanangu."

Hakuwa ametoboa. Alikuwa ameziba mdomo wote wa bomba, akaliendesha gari barabara ya bondeni, tambarare kama meza, likaenda kama limetoka kiwandani, akarudi anapiga mluzi. Na leo asubuhi jirani yao, muuza mbao, aliposimamisha pikapu mlangoni na kusema, "Mzee mwenzangu, shemeji akae hapa mbele, napandisha hospitali sasa hivi," fundi alimpungia mkono kama anayefukuza nzi. "Wewe tangulia. Tutakupita njiani."

Pikapu sasa lilikuwa limeshafika juu zamani.

Fundi akafungua boneti. Joto likampiga usoni.

"Mpigie mtoto," mkewe akasema. Alikuwa amefungua mlango na kutoa miguu nje, ameshika kiti mbele yake ili apate kuvuta hewa.

"Ya nini?"

"Mwambie hujatoboa."

Fundi akageuka polepole. "Nani kakwambia sijatoboa?"

"Keekee yako ikitoboa chuma... hata viziwi wanahama mtaa." Akapumzika. "Jumapili nzima nilikaa dirishani. Sikuisikia."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani unajua kuliko mtoto." Akavuta pumzi mbili, fupifupi. "Miaka thelathini na moja nadhani hivyo. Imeshakuwa tabia."

Fundi aliona afadhali mkewe angemtukana.

Lori la mchanga likaja likipanda kwa kuunguruma. Fundi akakimbilia katikati ya barabara, mikono yote miwili juu. Dereva alipiga honi, akaonyesha kwa kidole mteremko nyuma yake, kwamba nikisimama hapa siondoki tena, akapita. Vumbi lake likakaa juu ya nywele zao wote wawili sawasawa.

Basi. Kukitoa chuma kabisa hakungesaidia. Valvu ilikuwa imekwama wazi, na wangerudi kulekule kwa Jumamosi, moshi mweusi na kurudi nyumbani. Dawa ilikuwa tundu. Na keekee ilikuwa nyumbani, inaning'inia msumarini, safi.

Kwenye buti alikuwa na nyundo, tindo, tupa ya duara na spana zake. Akafungua bolti mbili kwa spana, mkono ameuzungushia kitambaa, na bomba likamla vidole hivyohivyo. Harufu ya ngozi yake mwenyewe akaisikia kabla ya maumivu. Kile chuma kikatoka cheusi upande mmoja, king'aavu upande wa pili. Akakiweka juu ya jiwe, akasimamisha tindo, akapiga. Chuma kikaruka kikaangukia mtaroni. Akakifuata, akapiga tena. Kikaruka tena.

"Kilete hapa," mkewe akasema.

"Kaa utulie."

"Kilete. Weka jiwe hapa chini." Akainua mguu wake, ule wa kulia uliovimba mpaka kiatu kimekataa, akaukanyagisha juu ya ncha ya chuma. "Piga. Kilo zote hizi za maji... leo zimepata kazi."

"Nitakuumiza."

"Huo mguu hausikii kitu. Piga, mwanaume wewe!"

Akapiga. Tindo lilikuwa vidole viwili tu kutoka dole gumba la mguu huo. Kila pigo mwili wa mkewe ulitikisika kama mtungi uliojaa, naye alifumba macho akashika kiti kwa mkono mmoja. Ule mwingine, wenye mshipa wa kuchomwa sindano za mashine, aliubana kifuani kama kifaranga. Pigo la kumi na mbili, chuma kikatoboka. Tundu dogo, lenye meno.

Fundi akachukua tupa. Akatafuta bolti ambayo unene wake ni milimita nane, ndicho kipimo pekee alichokuwa nacho, akaijaribu. Haikuingia. Akapiga tupa. Haikuingia. Akapiga tupa mpaka malengelenge yakapasuka na tupa ikawa inateleza, akaifuta kwenye suruali akaendelea.

"Lipanue tu zaidi," mkewe akasema.

"Likizidi moshi utarudi mwingi. Nane."

"Sasa ndiyo unamsikiliza mtoto."

Bolti ikaingia.

Akakirudisha chuma mahali pake, akakaza. Kisha akachomoa waya wa betri ili kompyuta isahau kosa, na hapo ilibidi kungoja. Dakika kumi. Hakuna kazi mbaya kwa fundi kama ya kungoja mikono ikiwa mitupu. Barabara ilikuwa kimya, na katika kimya kile alisikia kifua cha mkewe kikikoroma kwa ndani, kama maji yanayoanza kuchemka ndani ya chombo kilichofunikwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi asiyoitaka.

"Nikifa hapa..." mkewe akaanza.

"Usiseme hivyo! Nakuomba."

"Sikiliza basi. Jikoni... nimeacha sufuria ya maziwa wazi. Paka wa jirani anaingia."

Fundi akacheka, kisha akajifanya anaangalia betri.

Akarudisha waya. Akawasha. Taa ya chungwa ikatokea, ikakaa, ikakaa, ikazimika. Akatoa mawe, akatia gia ya kwanza. Kona ya nne. Ya tano. Hakuthubutu kubadilisha gia haraka, hakuthubutu kusema kitu. Kona ya saba lilisita, moyo wake ukasimama pamoja nalo, kisha likavuta.

Walifika saa sita na dakika thelathini na tano.

Muuguzi aliwaona mlangoni akaangalia saa ya ukutani, halafu akamwangalia mama, na macho yake hayakurudi tena kwenye saa. "Mashine tumempa mwenzenu," alisema huku akisukuma kiti cha magurudumu. "Kwa nini mnanifanyia hivi? Ngoja. Ngoja nimuulize daktari."

Walimtoa mtu mwingine kabla ya saa zake kwisha. Mtu huyo, mzee mwembamba, alisema hana neno, akakaa kwenye benchi amebana pamba mkononi. "Atapata saa mbili badala ya nne," muuguzi akamwambia fundi. "Tutatoa tutakachoweza. Zaidi ya hapo sijui, mzee, sikudanganyi. Na wewe huingii na mikono hiyo."

Fundi akanawa kwenye sinki la nje mpaka sabuni ikawa nyeusi. Masizi hayakutoka. Akaenda kusimama nyuma ya kioo.

Mirija miwili ilitoka mkononi mwa mkewe. Mmoja ulichukua damu, ikaenda kwenye mashine, ikazunguka humo. Mwingine uliirudisha. Aliufuata huo wa kurudi kwa macho, taratibu, kutoka kwenye mashine mpaka kwenye ngozi, ambapo uliingia chini ya plasta. Hakuna mahali ulipokuwa umebanwa.

Mashine ikalia. Muuguzi akabonyeza, ikanyamaza. Ikalia tena. Mkewe alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, kifua kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka.

Mtu mwembamba kwenye benchi alikuwa akimtazama fundi mguuni. Fundi naye akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikandamiza sakafu, polepole, kisigino kikiwa kimetulia, kama wa mtu anayepandisha gari mlimani na hataki lizime.