Kilo za Tobia

Siku ile mjinga alikuwa Tobia mwenyewe, na mpaka leo hakatai. Ukimtembelea atakueleza, yeye ameketi juu ya jiwe maana viti havimwezi: "Sasa nani alinituma nipande mizani?"

Hakutumwa na mtu. Ilikuwa Jumatatu, mwaka sabini na tano, kwenye banda la mboga la kijiji cha ujamaa, njia ya kwenda Mgwashi. Kabichi zilikwisha fungwa kwenye magunia, lori la Tanga limechelewa, na lori likichelewa kazi ya kuwachekesha watu ilikuwa ya Tobia. Akasema gunia lake limemzidi uzito. Akapanda mizani kuthibitisha, mikono juu kama mtu anayevuka mto.

Mwajuma, binti aliyepima mboga za kijiji, akasogeza jiwe la mizani. Akalisogeza tena. Akaongeza jingine.

"Baba Yudith," akasema, "kilo mia mbili na kumi na nne."

Tobia alikuwa mtu mwembamba, wa kufunga mkanda kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Wakalipima gunia lake: sitini na moja, kama kila Jumatatu. Mizani ilikuwa nzima. Tobia akashuka, na mbao za banda zikalia. Akakumbuka kwamba kitanda chake kimevunjika mara mbili mwezi ule, na kwamba makatambuga yake, ya tairi la lori, yamelika yakabaki kama karatasi. Alikuwa akimlaumu fundi. Sasa alijua ni lini hasa jambo lile lilianza.

Lilianza mazikoni. Yudith, bintiye wa miaka mitatu, alichukuliwa na surua kwa siku mbili tu. Kisanduku chenyewe Tobia angeweza kukibeba kwapani. Kilipokuwa kinateremshwa, kitu kikampanda kooni, na kaka yake mkubwa, Nathanaeli, balozi wa nyumba kumi, akamwinamia sikioni. "Meza," akamwambia. "Wanawake wanatazama." Tobia akameza. Kikashuka kama kiazi kizima. Tangu hapo kila asubuhi kilikuwapo kingine cha kumeza, naye alikimeza kabla ya uji.

Pale bandani wakampandisha Selemani, jirani yake. Hamsini na nane. Huyu ndiye aliyelia kwenye maziko ya ndugu yake mpaka kanzu ikalowa kifuani, na aliyekuwa wa kwanza kumwita Mama Selemani ni Tobia. Jina lilimshika.

"Mwepesi kama unyoya wa kuku," mtu mmoja akasema.

"Mshikeni, upepo unakuja," Tobia akaongeza, na watu wakacheka.

Kisha akapanda Nathanaeli. Mia moja sabini na saba. Akashuka taratibu, akaweka kofia sawa.

"Huo ndio uzito wa mwanaume," akasema.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumatatu wanaume walipimwa kwanza, kabichi baadaye. Aliyeshindwa kufika mia alirudi wiki iliyofuata amekaza uso, na kweli alikuwa ameongezeka. Wanawake walipimwa mara moja tu, wakaonekana wana uzito wao ule ule, wakaachwa.

Mvua za masika zilipoanza, lori likawa linakwama konani. Halmashauri ya kijiji ikaamua wanaume wazito waishindilie barabara kwa miguu. Tobia akapewa kona yenyewe. Alikwenda juu, akarudi chini, na alipopita udongo ulikuwa mgumu kama sakafu ya kanisa. Mkutanoni wakampigia makofi.

Jioni moja Dorkasi, mkewe, akamshika mkono akampeleka nyuma ya migomba, kwenye kaburi la mtoto.

"Hapa hakuna mtu," akamwambia. "Lia."

Tobia akajitahidi. Ilimchukua muda mrefu, kama mtu anayeng'oa kisiki. Likatoka chozi moja. Lilipoanguka lilitoboa shimo la kuingia kikombe, na kuku wakakimbia. Dorkasi akalifukia kwa mguu, akasema kesho watajaribu mawili.

Jumatatu Mwajuma akasoma mia mbili na kumi na moja. Nathanaeli akamvuta mdogo wake pembeni.

"Unapungua. Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, kaka."

"Maana watu wanatazama."

Kufika Alhamisi Tobia alikuwa amezirudisha zile tatu na kuongeza kumi.

Ijumaa, baada ya mvua ya siku nzima, alikwenda konani kama kawaida. Udongo ukamkubali hadi magotini. Akajivuta, ukamkubali hadi kiunoni. Hakuita mtu. Wenzake walipofika, majembe begani, tope lilikuwa linamfika kifuani.

"Vipi, Tobia?"

"Salama tu," akajibu, kwa pumzi iliyobaki.

Wakakaa kando kushauriana. Selemani akaja anakimbia na kamba, Nathanaeli akamrudisha: mtu akivutwa na Mama Selemani habari itafika mpaka Lushoto mjini. Wakamtazama Tobia aamue mwenyewe. Tobia akatikisa kichwa kuikataa kamba. Hapo alikuwa mjinga kwa mara ya pili, na hili halielezi akicheka.

Tope likafika kwapani. Chini bondeni lori likapiga honi. Mmoja akakanyaga ukingo wa kona, akasema haijawahi kuwa imara namna hii. Wakakubaliana kwamba, dereva akibana kushoto, lori litapita bila kumgusa kichwa.

Ndipo Dorkasi akatokea na jembe. Hakusalimia. Akapiga magoti mbele ya mumewe, akaanza kuchimba.

"Shemeji," Nathanaeli akamwambia kwa upole, "acha. Utamwaibisha mwenzako. Mwanaume hafukuliwi na mke mbele za watu."

Dorkasi hakuinua kichwa.

"Kuzika ni kazi ya wanaume, mliniambia siku ya mwanangu, mkaninyang'anya jembe. Haya, shemeji, mmeshazika. Kufukua hamkusema ni kazi ya nani."