Picha Zisizo na Baba Hema

Mtaa mzima ulimwita Baba Hema, na mtu huyo hakuwahi kulala nje hata mara moja maishani mwake. Majani yalimpigisha chafya. Mbu wakimwona walikuwa wanaitana. Kumtoa nyumbani kwenda kukaa bustanini mchana kweupe ilikuwa kazi ya kubembelezana. Lakini vitabu vyake vya watoto, vyote kabisa, vilikuwa vya familia inayobeba hema na kwenda kulala porini, mlimani, kando ya mto, na watoto waliovisoma walijua kukaza kamba na kukoka moto kuliko yeye aliyeandika. Ukimuuliza alijulia wapi, anacheka. "Mimi sijui kitu," anasema. "Mke wangu anachora, mimi naandika ninachokiona."

Na hapo alikuwa hatanii. Wengine huandika hadithi kwanza, kisha wakatafuta mchoraji. Hawa wawili walifanya kinyume. Mke alichora kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, bila neno. Akimaliza humkabidhi mumewe picha zote kwa mpigo, na mume huketi nazo akaandika hadithi anayoiona humo. Kuuliza marufuku.

Sheria hiyo ilitokana na chura. Kwenye kitabu cha kwanza mume aliuliza yule chura aliyekaa juu ya buti la mtoto anafanya nini pale. Mke akamjibu kwamba chura anayehitaji kuelezewa hafai, akaichana picha, na nyumba ikawa haikaliki kwa siku kadhaa. Walipopatana wakakubaliana: ukiona kitu kwenye picha, kiandike, usipokielewa, kiandike hivyohivyo, lakini usiulize. Tangu hapo kazi ikawa inakwenda kama maji. Mume alijivunia sheria ile kupita kiasi. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye na mkewe wanaelewana bila kufungua mdomo, na wageni wenye ndoa zao walikuwa wanamwangalia tu.

Familia ya vitabuni ilikuwa Mama, Baba na watoto wawili, Kidole na Kucha. Baba yule alikuwa na kitambi cha mwandishi, masikio ya mwandishi, hadi ile tabia ya mwandishi ya kuvaa sweta nyuma mbele. Na siku zote alisimama upande wa kushoto wa picha, ameshika kamba ya hema. Ndipo aliposimama mume mwenyewe mwanzoni kabisa, sebuleni, mke alipofunga shuka kati ya kabati na dirisha ili aone kitambaa kinavyoning'inia. Alimwambia ashike ncha na asitikisike. Basi kitabuni amebaki palepale, hajahama.

Sasa kikaja kitabu kipya. Mke akaweka bahasha mezani asubuhi moja, akaenda kuosha brashi zake. Mume akajimiminia chai, akafungua.

Picha ya kwanza, familia inafunga mizigo. Safi. Ya pili, wanapanda kilima, Baba nyuma na furushi lake. Safi pia. Ya tatu, Baba hana mkono. Mume akasogeza chai pembeni. Mkono haukukatwa wala kufichwa na kitu, ulikuwa haupo tu. Karatasi ilianza nyeupe halafu Baba akaanzia begani. Kwenye picha iliyofuata alibaki kiatu. Baada ya hapo hakuwepo kabisa. Mama, Kidole na Kucha walikuwa wamejibana upande wa kulia wa ukurasa kama abiria waliokosa nafasi, wanaota moto, wanacheka. Hema lenyewe lilipanda upande mmoja na halikushuka upande wa pili. Kushoto karatasi tupu.

Mume akageuza picha kuangalia kama imeendelea kwa nyuma. Haikuendelea. Akazipanga upya, labda kakosea mfuatano. Akazipanga kuanzia mwisho, na hivyo ikawa ni hadithi ya mtu anayezaliwa kwa kuanzia kiatu, na hiyo nayo haikuingia akilini. Chai ikapoa.

Tusizunguke. Alichokiogopa alikijua papo hapo, kabla hajaimaliza bahasha: mkewe amemchoka, na kwa kuwa kwao mambo husemwa kwa picha, amemwambia kwa picha.

Ungekuwa wewe ungeuliza. Hata mimi ningeuliza, sheria au si sheria. Yeye akasema moyoni kwamba asiyeelewa aangalie zaidi, basi akaanza kuangalia, na kila alichokiangalia kikazidi kumchanganya.

Mezani mke alikula wali wa upande mmoja wa sahani, akauacha wa upande wa pili haujaguswa, halafu akasema chakula chenyewe kimekuwa kidogo siku hizi. Mume ndiye aliyepika. Akaongeza siku iliyofuata, mke akala nusu ileile na kulalamika vilevile. Ikawa anakosa kujua kama anatukanwa au anatakiwa apike zaidi.

Siku ya kwenda kwenye harusi ya jirani mke alitoka chumbani kapendeza, kavaa hereni moja, ya sikio la kulia. Zilikuwa hereni alizompa yeye. Mume akatazama lile sikio tupu njia nzima. Alijiuliza mwanamke akitaka kumwacha mume si angevua zote mbili, na huyu aliyevua moja anamwachaje, nusu?

Mlangoni walipopishana, mke alimpiga kikumbo cha bega na hakusema hata samahani. Na jioni, kwenye kochi, ndiko kulikomkata maini. Aliketi mahali pake pa miaka yote, kushoto kwa mkewe, akamwambia habari za mchana, na mke hakugeukia upande wake. Akamwambia tena. Kimya. Kidogo mke akainuka, akaenda hadi jikoni, akaita, "Mzee, uko wapi?" Na sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta kwelikweli. Mume alikuwa bado ameketi palepale kwenye kochi.

Kisha mhariri akapiga simu. Alikuwa mama mmoja mwenye haraka, anayeanza kuongea kabla hujasema haloo. Mke alishamtumia nakala za picha, na alizipenda.

"Hii nafasi nyeupe ni nzuri mno," alisema. "Macho yanapumua. Mwambie mama asiguse kitu. Wewe maneno yako lini?"

"Hukuona kama kuna kitu kimepungua?" mume akauliza.

"Kipungue nini? Watoto wa siku hizi wanataka picha zisizojaa. Baba anatokea mwanzoni, halafu anaondoka, mtoto anabaki na swali. Imetulia. Lini?"

Akasema karibuni, akakata simu. Kwa hiyo hata mhariri ameona kwamba Baba anaondoka. Ule uliokuwa wasiwasi wake peke yake sasa una shahidi, na shahidi mwenyewe kaufurahia.

Akapiga moyo konde, akaandika. Aliandika kama sheria inavyotaka, anachokiona tu. Familia ilifika, ikatua mizigo. Baba akasema anakwenda kutafuta kuni. Kidole akauliza atarudi saa ngapi, Baba akasema sasa hivi. Mama akakoka moto kwa vijiti vilivyokuwepo. Wakala, wakaimba, na watoto wakazoea. Sentensi hiyo ya kuzoea aliiandika akaifuta, akaiandika tena kwa hasira, akaiacha. Nia yake ilikuwa imuume mwenzake kidogo. Siwezi kumpamba, alikuwa ameumia, na aliyeumia haandiki kwa adabu.

Desturi yao, maneno yakiwa tayari, ilikuwa kuketi meza ya jikoni wakitazamana, mume anasoma kwa sauti na mke anafuata kwa kufunua picha. Wakaketi. Mume akasoma kuhusu mizigo, mke akatabasamu. Akasoma kuhusu kilima. Akafika kwenye kuni, akajikaza akaendelea hadi watoto walipozoea, akaweka karatasi chini akangoja.

Mke alikuwa amekunja uso.

"Kwa nini umemtoa Baba?" aliuliza.

"Mimi?"

"Nani mwingine aliyeandika? Unamtuma kuni halafu harudi. Watoto watalia. Umeanza lini kuandika vitu vya namna hii?"

Mume akaichukua tena karatasi yake. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kimya, hata kwa kuambiwa ukweli wa moja kwa moja. Kusingiziwa hakujiandaa nako.

"Mama, picha hazina Baba," alisema. "Nimeandika nilichokiona."

"Hazina Baba vipi? Nimemchora. Kila picha nimemchora, kashika kamba yake kama kawaida. Nilihangaika na yale masikio yako mpaka shingo ikauma."

Hakuwa anatania, wala hakuwa anamkejeli. Mume alimjua vizuri uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyefanya kazi yake na anashangaa kuulizwa. Akachukua picha ya moto, akaisukuma mbele yake. "Nionyeshe."

Mke akainamia karatasi. Kidole chake kikapita juu ya Mama, juu ya Kidole, juu ya Kucha, kikafika kwenye nusu ya hema kikasimama, kikarudi. Kikapita tena. Aliguna kwa kukerwa, kama anayetafuta miwani aliyokuwa nayo sasa hivi.

"Alikuwa hapa," alisema.

Hapo ndipo mume alipofanya jambo bila kulifikiria. Aliigeuza karatasi juu chini, ili ile sehemu tupu iangukie mkono wa kulia wa mkewe. Mke akaivuta karibu. Akaitazama ile karatasi nyeupe muda mrefu, halafu akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akaonekana kuogopa.

"Nani kafuta?" aliuliza.

"Hakuna aliyefuta."

"Basi nani kafuta?"

Mume akainuka, akazunguka meza, akachukua sahani ya mchana iliyokuwa bado haijaoshwa, ina nusu ya wali. Akaigeuza mbele yake. Mke akasema, "Hee, kumbe kimebaki," akashika kijiko. Mume akaenda chumbani. Alitafuta viatu vyake, akamtafutia mkewe vyake, akamvalisha yeye mwenyewe, na cha kushoto ilibidi auinue mguu kwa mkono.

Hospitali wakampiga picha za kwao, za kichwa. Daktari alikuwa kijana mpole, akawaeleza kwa lugha ya kawaida kwamba kuna kitu kimeota ndani ya ubongo upande wa kulia, na kinapozidi kukua kinabana, na kinavyobana mgonjwa anapoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho ni mazima. Kichwa tu ndicho kilichoacha kuuhesabu upande huo, na mgonjwa mwenyewe hana namna ya kujua, kwa sababu kisichokuwepo hakimpungukii. Watamfungua kichwa kesho yake. Kama wangekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi; sasa watajaribu.

"Mabadiliko haya yalianza lini?" aliuliza.

Mke akasema hajui mabadiliko gani. Mume alikuwa amekuja na bahasha. Akazitandaza picha juu ya shuka la kitanda alicholazwa mkewe, moja baada ya nyingine, na daktari akazifuata polepole: furushi, kilima, bega lisilo na mkono, kiatu, halafu weupe unaokula ukurasa. Alizirudia mara mbili.

"Kumbe uliziona hizi," alisema.

"Niliziona."

"Na hukumuuliza mwenyewe?"

Angejibu nini? Aanze habari za chura? Alitazama sakafu, akasema kweli, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda. "Nilidhani ananiacha."

"Nikuache niende wapi?" mke akasema. Alikuwa amelala chali, anageuza kichwa kulia, anamtafuta kwenye pazia, kwenye sinki, kwenye mlango. "Na wewe unanisemesha kutoka wapi? Ndivyo ulivyo siku hizi. Nakusikia umo ndani ya nyumba, nikigeuka haupo. Kochini haupo, mezani haupo. Nikasema basi, mwanaume huyu kanichoka, hataki hata kuketi nami. Nikaona nisikuulize. Si tulikubaliana tusiulizane?"

"Nipo," mume alisema.

"Wapi? Sogea nikuone basi. Nishike hata mkono."

Mume akautazama mkono wa kushoto wa mkewe, aliokuwa ameushika kwa mikono yake yote miwili tangu alipomaliza kuzitandaza picha. Akauweka taratibu juu ya shuka, akainuka, akazunguka kitanda.