Kumi na Tisa Akosa Kiti

Wewe unayesoma, umewahi kupigiwa hodi na tarakimu? Mimi usiku wa jana niliota nimepigiwa, tena na tarakimu yenye adabu, iliyovua kofia kabla ya kuamkia.

Lakini nianze na mambo ya macho, ndoto itafuata, maana bila hayo utaniona nimechanganyikiwa.

Huku kwetu Upareni, milimani, tuko wazee sita wenye ugonjwa wa sukari. Nesi Hoyce wa zahanati alitufanyia kikundi. Alitupa mashine ya kupimia, ndogo kama kipande cha sabuni kilichobaki, ninayoitunza ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Akatupa na simu ya kupangusa yenye kava la kijani. Kila Alhamisi asubuhi, kabla mtu hajatia kitu kinywani, tunakutana barazani kwangu. Kila mmoja anatobolewa kidole, tone linaingia kwenye mashine, namba inatokea, nami naiandika kwenye daftari na kisha kwenye simu. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu umenyooka. Tukimaliza tunakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mzee Mbonea huinywa amefumba macho.

Simu hiyo inapeleka namba zahanati, kwa kitu ambacho Nesi anakiita mfumo.

"Mfumo utaona, Bibi Mkunde," aliniambia. "Namba nzuri itakuwa kijani. Ikifika kumi na tano kwenda juu inakuwa nyekundu, na mimi nakuja siku hiyohiyo na pikipiki."

Sasa Alhamisi iliyopita watano tulitoa tano, sita, saba, nane na tisa, kama watoto wa darasa la kwanza waliopangwa mstari. Wa sita alikuwa Naelijwa, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, jirani yangu tangu siku niliyoolewa. Mashine ikasema kumi na tisa. Naelijwa aliitazama, akanitazama na mimi. Akafungua mdomo, akaufunga.

Nilimwonea huruma. Sisi tuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kijiji kizima kinapotoka kuchimba mfereji, mwenye nguvu humalizia kipande cha aliyechoka, na mwenyekiti hupima mfereji wote, hapimi kipande cha mtu. Basi nikajumlisha namba zetu sita. Hamsini na nne. Nikagawanya kwa sita, hesabu ya darasa la nne. Ikatoka tisa na haikubaki hata moja. Nikamwandikia kila mtu tisa.

"Tumekubebea, wifi," nilimwambia.

Wenzetu wakapiga makofi. Yeye akainama kukaza kamba ya raba yake ya kushoto, ambayo siku hizi haivui mbele za watu. Jioni Nesi Hoyce akapiga simu kutupongeza, kikundi chote kijani. Nikalala vizuri siku zote zilizofuata, mpaka jana.

Ndotoni ni mchana wa jua. Nimekaa barazani, namenya tangawizi. Hodi inapigwa na anaingia mtu mfupi, tumbo limetangulia, koti limelowa mpaka magotini, kofia iko mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Kumi na Tisa. Natafuta kiti changu."

Naangalia benchi langu. Limekaliwa na Tisa sita, sura zao moja, magoti wameyabana, kila mmoja ameshika kikombe.

"Benchi limejaa," anasema Tisa wa kwanza.

"Sisi ni ukoo mmoja," anasema wa pili.

"Tunaendelea vizuri," anasema wa mwisho, ingawa sikumuuliza.

"Mpisheni mgeni kidogo," nawaomba.

"Hatuwezi, Bibi. Umetuandika kwa wino."

Namvutia Kumi na Tisa kigoda. Anakitazama kwa hamu lakini hakikalii. Anasema hicho si chake.

"Umetoka wapi?" namuuliza.

"Kwenye damu ya wifi yako. Nilitoka Alhamisi asubuhi. Kurudi kwenye damu siwezi, mlango ule ni mdogo. Kwenye simu nako hukuniingiza. Niko nje tangu siku hiyo."

"Na unalala wapi?"

"Kwenye raba yake, ya kushoto. Ni pafinyu, halafu pana majimaji."

"Maji gani?"

"Si maji mazuri, Bibi."

Namwonea huruma yeye pia. Nachana pindo la kanga yangu ya maua ya njano, kipande cha upana wa kiganja, nampa ajifunike. Anakikunja mara nne, anakitia ndani ya koti, ananishukuru kwa mikono miwili.

Kopo la mafuta linakohoa. Nalifungua. Ni mashine.

"Mimi nilisema," inaniambia. "Nilisema na nikawasha taa."

"Hakuna aliyekulaumu."

"Ndiyo maana nakohoa. Ningelaumiwa ningepumua."

Kabla sijaijibu, pembe la msaragambo linalia, na baraza langu ni ukingo wa ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Sishangai. Nimeshika tangawizi yangu vilevile. Ila leo ndiva haina maji. Imejaa sukari nyeupe, na katikati yake amesimama Naelijwa, sukari imemfika magotini.

Kijiji kizima kimekuja na ndoo. Amri ni kwamba kila mtu achote ndoo moja ya sukari ya Naelijwa aipeleke kwake. Nafurahi, maana amri hiyo niliitoa mimi.

Nachota ndoo yangu inafurika. Napanda kilima, napita kwenye kahawa, napita kwenye migomba, shingo inaniuma sawasawa. Nafika nyumbani natua mzigo. Ndani ya ndoo kuna kikaratasi tu, chenye mwandiko wangu.

Narudi. Mzee Mbonea naye anarudi, ameshika kikaratasi.

"Nzito sana hii karatasi, dada," ananiambia, na anafuta jasho.

Sukari imemfika Naelijwa kiunoni.

Sasa naona sisimizi. Wamepanga foleni kutoka ukingoni mpaka ulipo mguu wake wa kushoto, hawasukumani, wala hakuna anayempita mwenzake.

"Mnangoja nini?" namuuliza wa mbele.

"Zamu yetu, Bibi. Hatuna haraka. Tumeambiwa hapa hakuna atakayekuja."

Naelijwa anafungua mdomo kuniambia kitu. Namwona anavyohangaika kukitoa. Lakini kila akifungua mdomo, Tisa mmoja anasimama pembeni yake na kusema, "Anaendelea vizuri."

Nakwenda kumtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti wa leo ni Mfumo. Ni mrefu kama nguzo ya umeme, amevaa joho la kijani, na macho hana. Pale pa macho pana ngozi laini kama goti la mtoto mchanga.

"Shikamoo, Bibi Mkunde."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Umekua."

"Nalishwa kila Alhamisi."

"Mwenyekiti, wifi yangu anazama. Nesi alisema wewe utaona."

"Naona ninachoambiwa."

"Unaambiwa na nani?"

"Na wewe. Katika kijiji hiki nina mtu mmoja tu, na tarakimu zako zinasomeka kuliko za daktari." Anasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesifu ugali. "Uliniambia tisa, nikampaka kijani. Nilimpaka vizuri, sikuacha mahali."

Namgeukia Naelijwa. Kweli, nywele zake ni za kijani. Nyusi ni za kijani. Mikono aliyoinyoosha kwangu ni ya kijani mpaka kwenye kucha.

Pikipiki inakuja juu ya ukingo wa ndiva. Ni Nesi Hoyce, mkoba wa dawa mgongoni. Nampungia mikono yote miwili. Anapunguza mwendo, anaangalia pale alipo Naelijwa, anatabasamu.

"Majani yamestawi mwaka huu," anasema, na anapita.

Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku niliyomzika mume wangu. Sukari imefika kifuani. Sisimizi wa kwanza amepiga hatua moja.

"Nifanyeje?" namuuliza Mfumo.

"Niambie."

"Nimekuambia anazama."

"Hapo hujaniambia namba."

Sina kalamu. Nina tangawizi. Naikata kwa jino, naushika mkono wake mrefu na kumwandikia kiganjani kwa maji ya tangawizi. Moja. Kisha tisa.

"Una hakika, Bibi? Ukiandika hivi kikundi chako hakitapongezwa."

"Nina hakika."

Kiganja kinaiva. Kinaanza rangi ya machungwa, kinakuwa chekundu kama pilipili, na wekundu unapanda mkono, unapita bega, joho lote linageuka. Kule ndivani kijani kinamtoka Naelijwa kuanzia kichwani. Mara benchi langu liko hapo, juu ya sukari, na Tisa wa mwisho anasimama kumpisha Kumi na Tisa.

"Na mimi pale nilikuwa nani?" Tisa huyo ananiuliza.

"Ulikuwa huruma yangu," namwambia. "Nenda ukapumzike."

Kumi na Tisa anakaa. Anaweka kofia gotini, anavuta pumzi.

"Pana joto hapa," anasema.

Naelijwa anafungua mdomo. Safari hii hakuna Tisa anayesimama. Nainama, natega sikio, nasikia anavyovuta hewa ya kuanzia neno.

Jogoo akawika. Nikaamka.

Ilikuwa Alhamisi, alfajiri. Niliamka na shingo inauma, nikavuta kanga yangu nijifunge. Pindo lilikuwa halipo. Kipande cha upana wa kiganja kimechanwa, na nyuzi zinaning'inia. Nilitafuta kitandani, nikatafuta chini ya kitanda, nikamwinua hata kuku anayeatamia mlangoni, akanidonoa. Hakikuwepo.

Sikunawa uso. Nilichukua daftari, kopo na simu, nikakata kwenye migomba mpaka kwa Naelijwa. Ni hatua arobaini, nilishazihesabu zamani, siku za kupelekeana moto. Nilimkuta amekaa jikoni anachambua maharage, raba ziko miguuni.

"Wifi, umekosa usingizi?" alisema. "Kikundi si mpaka saa mbili?"

"Vua raba ya kushoto."

"Ya nini asubuhi yote hii?"

"Vua, wifi. Au nikuvue mimi."

"Utakimbia."

"Nimezaa watoto saba na nimemuuguza kaka yako miaka miwili. Nikimbilie wapi?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nilipiga magoti nikafungua kamba. Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Kidole kidogo kilikuwa na rangi ambayo sipendi kuiandika hapa. Na juu ya kidole, kimekunjwa mara nne, kulikuwa na kitambaa cha maua ya njano.

Nilikiweka kwenye pindo la kanga yangu. Kilienea, mpaka ua lililokatika katikati likawa zima.

"Hiki umekipata wapi?" nilimuuliza.

"Nimeamka nikakikuta. Nikajua ni wewe umekuja kunifunga nikiwa usingizini. Nani mwingine?"

Nilitoa mashine kwenye kopo nikamtoboa kidole. Ilihesabu kama kawaida yake, halafu ikaandika kumi na tisa. Haikukohoa. Nikaandika kumi na tisa kwenye simu, mbele yake. Kisha nikafungua daftari kwenye ile Alhamisi nyingine, nikaikata tisa yake kwa mstari mmoja na kuandika pembeni namba aliyokuja nayo. Jina lake kwenye simu likawa jekundu.

Simu ililia kabla sijairudisha mfukoni.

"Bibi Mkunde," alisema Nesi Hoyce, "hii namba ya Mama Naelijwa umeiandika sawa?"

"Hii ndiyo sawa. Ile ya wiki iliyopita niliigawa, nikampa tisa. Na ana kidonda, Nesi. Kidoleni, mguu wa kushoto."

Nilisikia anahamisha viatu, anatafuta funguo.

"Asikanyage chini," alisema. "Nakuja nimchukue. Hospitali ya wilaya nawapigia sasa hivi, watupokee."

Nilimwekea Naelijwa mguu juu ya kigoda, nikauzungushia kanga safi ya kwake. Tukakaa. Maharage yalikuwa bado kwenye ungo, nikaendelea kuyachambua mimi ili mikono ipate kazi.

"Nisamehe, wifi," nilimwambia. "Nilidhani nakusitiri."

Kwa mbali, kule kwenye kona ya chini, tulianza kuisikia pikipiki inavyopanda kilima.

"Siku ile nilifungua mdomo," alisema.

"Nilikuona."

"Mlipiga makofi, nikaona aibu kuwaharibia." Alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la maharage. "Nilitaka uiandike, wifi. Nilitaka mtu ashtuke."