Kisima cha Nyuma ya Karakana

Mara mbili Atiir, afisa wa maji wa Lodwar, alipima kisima kilicho nyuma ya karakana za betri, na mara mbili wakubwa wake walitilia shaka vipimo vyake. Ndipo akamfuata Manyok kwenye kambi ya Kakuma, mkimbizi aliyepima maji kwenye visima vya mafuta kwao kwa miaka tisa.

Walipofika kisimani, mwenye karakana, Lochakapong, alikuwa akiwangoja kando ya kina mama waliokuwa wakiteka maji.

"Kibali chako cha kutoka kambini kinaisha leo jioni," alimwambia Manyok. "Kakuma ni mbali. Ukibaki hapa, naita polisi."

Atiir alimvuta mwenzake kando. "Twende, ndugu. Tutarudi wiki ijayo."

"Hao kina mama watakunywa nini mpaka wiki ijayo?"

Wakabaki. Atiir, aliyejua maji yanavyopita chini ya mchanga, alionyesha pa kuchimba. Manyok alichimba, akachovya karatasi yake ya kupimia asidi kwenye unyevu, ikageuka nyekundu. Asidi ya betri ilikuwa ikimwagwa nyuma ya ua. Kina mama wakashusha mitungi yao. Wataalamu hao wawili walikuwa wakitia sahihi chupa ya mwisho ya sampuli, jua likizama, polisi walipofika.

Manyok alilala mahabusu siku mbili. Siku ya tatu Atiir alimletea barua ya wakubwa wake: kisima kimefungwa, na karakana zimesimamishwa.

Manyok aliisoma, akaikunja.

"Sasa kina mama wanateka wapi?"

"Mtoni. Ni mbali, na wananilaumu mimi," alisema Atiir. "Lakini maji ya huko nimeyapima, ni salama."